Bungua wa Chwele Si Bungua wa Pwani

Mkulima wa Chwele apasuapo bua la mhindi ulionyauka, mara nyingi humkuta ndani yake funza anayekula kiini. Mdudu huyo huitwa bungua. Mkulima wa Kilifi naye humkuta bungua, lakini huyo kwa kawaida si wa aina moja na yule wa Chwele.

Bungua wa Pwani asili yake ni Asia, akaja kuenea Afrika ya Mashariki katika karne ya 20. Hupenda joto, na makao yake makuu ni nchi za chini. Bungua wa Chwele ni mwenyeji wa Afrika, naye hustawi penye baridi, kama miteremko ya Mlima Elgon na mashamba ya Kitale. Kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako joto ni la kadiri, wote wawili huonekana.

Hali ya nchi ndiyo pia inayopunguza au kuzidisha hesabu yao. Kiangazi kifikapo, mahindi hukauka na chakula hukoma. Lakini bungua wa Chwele ana hila yake: hujificha ndani ya bua kavu, akalala muda mrefu pasipo kula. Mvua za Machi zinyeshapo huamka, akageuka kuwa nondo, na nondo jike hutaga mayai katika mahindi machanga. Kwa hiyo mabua yaliyoachwa yamesimama tangu mavuno ni ghala la adui.

Kuyachoma yote ni hasara, maana mabua ni chakula cha ng'ombe, ni kuni na ni ua. Yafaa yakatwekatwe kwa ajili ya mifugo, au yalazwe chini juani majuma kadhaa, ili joto liwaue waliolala.

Wataalamu wa kituo cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970, wamefundisha njia nyingine. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo. Majani ya Napier hupandwa kuzunguka shamba, yakawavuta watage huko, ambako funza wengi hufa. Tena desmodiamu huzuia kayongo, na yote mawili hulisha ng'ombe.

Mkulima hawezi kubadili baridi ya Mlima Elgon wala majira ya mvua. Lakini hali ya shamba lake mwenyewe imo mikononi mwake.