Mashine ya ofseti imezima na mteja yuko mlangoni? Soma hii kabla ya kugusa waya

Kama umewahi kufanya kibarua kwenye duka la uchapishaji pale River Road, unakijua kile kimya. Mashine ya ofseti ilikuwa inameza karatasi moja baada ya nyingine, kisha ghafla imenyamaza. Mdosi anatoka ofisini. Mteja wa kadi za harusi anaangalia simu kila dakika. Na macho yote yanakugeukia wewe, kijana, kwa sababu siku moja ulirekebisha ekstensheni ya mtu.

Sasa, kabla hujachukua bisibisi, tulia nikupe mpango. Hitilafu nyingi za stima kwenye mashine hizi hazihitaji miujiza. Zinahitaji mtu anayefuata utaratibu bila kuruka hatua, hata kama mdosi anapiga kelele nyuma yake.

Chukua mfano wa Heidelberg GTO, ile mashine ya Kijerumani iliyoanza kutengenezwa 1972. GTO 52 huchapa karatasi ya sentimita 36 kwa 52, na ikiwa na afya hufikisha karatasi 8,000 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: saa moja ya kuzima ni kazi ngapi imelala? Ndiyo maana watu hushikwa na kiwewe na kuanza kuchokora ovyo.

Anza na mdomo na macho

Muulize aliyekuwa akiiendesha: ilizima yenyewe au kuna aliyebonyeza kitu? Ilinguruma kwanza? Kulikuwa na harufu ya kuungua? Stima ilikuwa imepotea kisha ikarudi? Majibu haya manne yatakuokolea nusu ya kazi.

Halafu izunguke mashine. Angalia vile vibonyezo vyekundu vya dharura, na uangalie vyote, maana huwa zaidi ya kimoja: upande wa kulishia karatasi, upande zinakotokea, na pengine kwingine. Mara nyingi kuna mtu ameegemea kimoja kwa makalio bila kujua. Angalia pia vifuniko vya usalama kama vimefungwa sawasawa. Utacheka ukigundua ni mashine ngapi "zilizokufa" zimefufuka kwa kufunga kifuniko tu.

Taa kuwaka si ushahidi

Mashine kubwa hutumia stima ya fezi tatu. Hapa Kenya, kati ya fezi na fezi unatarajia takriban volti 415, na kati ya fezi na nyutro volti 240. Fezi moja ikipotea, taa za paneli zinaweza kuendelea kuwaka vizuri kwa sababu zinachukua stima kwenye fezi zilizobaki. Wewe unaona taa, unasema stima ipo. Kumbe mota inanguruma bila kuzunguka, na inapata joto kila ukibonyeza kuwasha. Endelea hivyo na utaichoma mota iliyokuwa nzima.

Kwa hiyo ukisikia mngurumo bila mzunguko, acha kubonyeza. Fezi zote tatu zipimwe, kuanzia zinapoingilia, kisha baada ya fyuzi. Na fyuzi ikiwa imekatika, kubadilisha tu hakutoshi. Kuna kilichoikata. Kitafute.

Kisa cha karatasi kukataa kunyakuliwa

Kuna hitilafu moja ambayo huwachanganya hata wazee wa kazi. Mashine inazunguka vizuri, lakini vile vikombe vya kunyonya havinyanyui karatasi. Wanabadilisha mpira, wanasafisha mipira ya hewa, wapi!

Swali la kuuliza ni hili: je, jana kuna aliyegusa laini ya stima? Labda transfoma ya mtaa ilibadilishwa, au mashine ilihamishwa ukumbi. Fezi mbili zikibadilishana nafasi, mota ya fezi tatu huzunguka kinyume. Mota kuu inaweza isiathirike ikiwa ni ya DC, kwa sababu hiyo hupata stima iliyokwisha kugeuzwa. Lakini pampu ya hewa ikizunguka kinyume, inapuliza mahali ilipopaswa kuvuta, na mapezi yake ya kaboni yanaweza kuvunjika. Angalia mshale kwenye pampu. Ukiona mzunguko haufuati mshale, zima mara moja. Dawa yake ni kubadilisha fezi mbili zinapoingilia, kazi ya dakika chache kwa fundi aliyeidhinishwa.

Ikizima tena na tena

Mota ikivuta stima kupita kiasi, kuna kifaa cha ovalodi kinachoikata ili isiungue. Unaweza kukirudisha mara moja. Kikikata tena, usishindane nacho, na usikipandishe kipimo ili kivumilie. Zima swichi kuu, zungusha mashine kwa mkono. Ikiwa nzito, tatizo si stima: ni beringi kavu, au wino uliokauka kwenye rola. Ikiwa nyepesi, rudi kwenye fezi na mota. Kwa mota ya DC, angalia brashi za kaboni. Zikiisha, mota hutoa cheche nyingi na kasi hupanda na kushuka yenyewe.

Usisahau vumbi. Poda inayonyunyizwa ili karatasi zisishikane huingia kila mahali, ikiwemo kwenye jicho linalohesabu karatasi na ndani ya paneli. Futa jicho kwa kitambaa laini. Paneli isafishwe kwa mashine ya kufyonza vumbi, stima ikiwa imezimwa. Ukipuliza kwa kompresa, unalisukuma vumbi ndani zaidi.

Kile kipande cha waya

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii.

Kwenye mashine nyingi, vibonyezo vya dharura na swichi ndogo za vifuniko vimeungwa kama shanga kwenye uzi mmoja. Swichi moja ikikata, mashine yote inasimama. Kuipata si ngumu: stima ikiwa imezimwa, fundi anapima uzi huo katikati kwa multimita ili ajue nusu gani ina kasoro, kisha anaigawa nusu hiyo tena, na tena, hadi swichi mbovu ipatikane.

Lakini kuna njia ya mkato, na wewe unaijua. Msee anachukua kipande cha waya, anaunganisha ncha mbili za swichi mbovu, na mashine inanguruma. Mdosi anafurahi. "Huyu kijana ni moto!" Kesho yake kijana mwingine anafungua kifuniko kuondoa karatasi iliyokwama, akiamini mashine haiwezi kuzunguka kikiwa wazi. Rola mbili zikikamata vidole, hazijui kama ni karatasi au nyama.

Waya ule hauonekani. Aliyeuweka anaweza kuwa amehama kazi. Ndiyo maana ni hatari kuliko swichi mbovu yenyewe, ambayo angalau inakataa kazi hadharani. Swichi ndogo mpya si mali ya kuvunja biashara. Mdosi akikwambia "weka waya kwa leo tu", mwambie hapana, na umwambie mbele ya watu. Na ukifungua paneli ukakuta waya wa aina hiyo, onyesha kila mtu.

Kuhusu usalama wako: kazi ya ndani ya paneli ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Hata mkizima, capacita za kifaa cha kuendesha mota hubaki na stima kwa dakika kadhaa. Fundi mzuri hujaribu multimita yake mahali penye stima, anapima anapotaka kugusa, kisha anaijaribu tena palepale pa kwanza, ili ajue sifuri aliyoiona ni ya kweli. Anafunga swichi kuu kwa kufuli na ufunguo anautia mfukoni. Na hakuna anayeosha rola kwa petroli paneli ikiwa wazi. Cheche moja inatosha.

Ikiwa kazi hii imekuingia damuni na huna cheti, nenda ukaulize NITA kuhusu mitihani ya gredi. Wanapima unachojua kufanya kwa mikono, na wengi waliojifunzia gereji na karakana wamepitia huko.

Na leo hii, tafuta daftari la shilingi hamsini, litundike kando ya mashine. Kila ikizima andika tarehe, ilivyofanya, kilichopatikana na kilichobadilishwa. Baada ya miezi michache utaona hitilafu ileile ikirudi kila mara, na utajua pa kuanzia kabla mdosi hajatoka ofisini.