Simu Kupokewa na Tapeli: Namna ya Kukagua na Kulinda Laini Yako

Kwa muda mrefu wananchi wameshauriwa kwamba, wanapopokea ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”, wampigie kwanza mtu anayedaiwa kuutuma. Ushauri huo ungali sahihi. Hata hivyo, upo utapeli unaoudhoofisha: tapeli huhamisha simu za mwenye laini ziite kwake, hivyo anayepiga ili kuhakikisha hujikuta akizungumza na tapeli mwenyewe.

Huduma halali inayotumiwa vibaya

Kuhamisha simu ni huduma halali ya mitandao. Mfanyabiashara mwenye laini mbili, kwa mfano, huweza kuamuru simu za laini moja ziite kwenye nyingine. Amri hiyo hutolewa kwa kubonyeza nyota, 21, nyota, namba ya kupelekewa simu, kisha reli na kupiga. Zipo pia amri za 61, simu isipopokewa. 62, ikiwa imezimwa au haipatikani. Na 67, ikiwa inatumika.

Jambo la kuzingatia ni kwamba amri hii huhifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni ya simu, si ndani ya simu ya mkononi. Kuzima simu na kuiwasha hakuifuti, wala kuhamishia laini kwenye simu nyingine hakuiondoi. Mwenye laini huendelea kupiga na kupokea meseji kama kawaida. Dalili kubwa ni kwamba watu wanampigia, naye haoni simu ikiita. Kitochi na simu janja zote zinahusika.

Tapeli anavyoingia

Kwa kawaida tapeli hujitambulisha kuwa mtoa huduma kwa wateja. Hudai kwamba laini ina hitilafu, usajili haujakamilika au kuna zawadi, kisha humwelekeza mwenye simu abonyeze tarakimu anazomtajia. Wengine huazima simu kwa kisingizio cha kupiga mara moja na kuingiza amri hiyo wenyewe.

Huduma hii haihamishi meseji, bali simu za sauti. Ndiyo maana tapeli anayetaka kuiteka akaunti ya WhatsApp huomba msimbo wa uthibitisho usomwe kwa njia ya simu badala ya meseji. Simu hiyo huita kwake, naye hufungua akaunti ya mwenzake na kuanza kuwaandikia ndugu na vikundi. Madhara yake ni makubwa pale akaunti inapokuwa ya mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa: wanachama huona ujumbe unaotoka kwa mtu wanayemwamini, na atakayempigia kuuliza hupokewa na tapeli, ambaye husingizia mtandao mbovu au hujiita jirani wa mgonjwa.

Hatua za kuchukua

1. Kagua laini kwa kubonyeza *#21# na kupiga. Jibu litaonesha iwapo simu zinahamishwa na kwenda namba ipi. Rudia kwa *#61#, *#62# na *#67#. Katika amri hizi tatu huenda ikaonekana namba ya huduma ya kampuni ya simu. Ukiitilia shaka, iulizie kwa namba 100.

2. Ukikuta namba usiyoitambua, bonyeza ##002# na kupiga. Amri hii hufuta uhamishaji wote. Kisha kagua tena. Isipofanya kazi, piga 100 na uombe usaidizi.

3. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, ili msimbo pekee usitoshe kufungua akaunti.

4. Usibonyeze amri yoyote yenye nyota na reli kwa maelekezo ya mtu aliyekupigia, na usimtajie yeyote namba ya siri wala msimbo. Anayeazima simu, mpigie wewe mwenyewe.

5. Bonyeza *106# kujua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mahali pa kutoa taarifa

Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma vipelekwe kwenye namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Aliyepoteza fedha aijulishe mara moja kampuni ya simu kupitia 100, kisha afike kituo cha polisi akiwa na meseji za muamala bila kuzifuta. Utapeli wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Viongozi wa vikundi wanahimizwa kukagua laini zao kabla ya kila siku ya michango, na kukubaliana na wanachama kwamba ombi lolote la kubadilisha namba ya kupokelea fedha halitatekelezwa mpaka lithibitishwe ana kwa ana. Simu pekee haitoshi tena kuwa uthibitisho.