Pikapu ya Shingoni: Sauti Inayoamuliwa na Mahali

Gitaa la umeme halitegemei hewa kufikisha mlio wake kwenye amplifaya. Mtetemo hunaswa moja kwa moja kutoka kwenye uzi na pikapu, yaani kifaa kidogo chenye sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba ulio mwembamba kama unywele. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku hiyo, uga wa sumaku unaopita ndani ya koili hubadilika, na mabadiliko hayo huzalisha volteji ndogo kwa kanuni ambayo Michael Faraday aliibainisha mwaka 1831. Magitaa mengi yana pikapu mbili au tatu zilizopangwa kati ya mwisho wa shingo na daraja, ambalo ni kile kipande kinachozishikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa, na mpigaji huchagua kwa swichi ni ipi itakayosikika.

Pikapu iliyo jirani na shingo husifiwa kwa sauti nene na laini, ilhali ile ya darajani husemwa kuwa kali na nyembamba. Wengi hudhani kwamba tofauti hiyo inatokana na namna kila pikapu ilivyotengenezwa, lakini katika Stratocaster, gitaa ambalo kampuni ya Fender ililitoa mwaka 1954, pikapu zote tatu zilikuwa karibu sawa kwa umbo na kwa waya, na bado kila moja ilikuwa na sauti yake. Kilichozitenganisha ni mahali zilipofungwa, na mahali hapo huacha alama isiyofutika hata sauti inapovurugwa kwa makusudi ndani ya amplifaya.

Uzi unapokwanyuliwa hautetemeki kwa namna moja tu. Huyumba wote kwa pamoja na kutoa toni ya msingi, na wakati huohuo hugawanyika katika vipande viwili, vitatu, vinne na kuendelea, ambavyo kila kimoja hutetemeka kwa kasi kubwa zaidi na kuongeza sauti yake ya juu. Sauti hizo huitwa haramoniki, na uwiano wake ndio unaoipa ala rangi ya sauti. Baina ya vipande hivyo zipo nukta tuli, mahali ambapo uzi hausogei kabisa kwa haramoniki inayohusika, na pikapu iliyowekwa chini ya nukta kama hiyo haina cha kunasa. Urefu wa uzi katika Stratocaster, kutoka daraja hadi kichwani mwa shingo, ni takriban milimita 648, nayo pikapu ya shingoni iko milimita 162 kutoka darajani, yaani robo kamili ya urefu huo. Robo ni nukta tuli ya haramoniki ya nne, kwa hiyo uzi mnene wa E ukipigwa wazi, pikapu hupata toni ya msingi ya hezi 82 kwa takriban asilimia 71 ya nguvu yake, huipata haramoniki ya pili kwa ukamilifu, lakini ile ya nne, iliyo kwenye hezi 330 hivi, hupotea karibu yote. Pikapu ya darajani, ambayo iko karibu na sehemu moja ya kumi na sita ya uzi, huambulia asilimia 20 tu ya toni ya msingi, na ndiyo maana haramoniki za juu huonekana kutawala huko.

Hesabu hii hubadilika kila kidole kinapohama, na hapo ndipo jambo lenyewe linapopendeza. Mpigaji akibana uzi kwenye freti ya tano (freti ni vile vipande vyembamba vya chuma vilivyolazwa kukingama shingo), sehemu inayotetemeka hubaki robo tatu, na pikapu iliyokuwa kwenye robo sasa huwa kwenye theluthi, hivyo haramoniki ya tatu ndiyo inayofifia. Akipanda hadi freti ya kumi na mbili, uzi hubaki nusu na pikapu hujikuta katikati kabisa, mahali ambapo haramoniki zote za namba shufwa zina nukta tuli. Zinazobaki ni za namba witiri peke yake, na mlio hupata ule uwazi wa ndani unaojulikana kwa klarineti, ala ambayo nayo katika noti zake za chini hutawaliwa na haramoniki za witiri. Kwa hiyo kusema kwamba pikapu ya shingoni ina sauti moja ni kurahisisha mno, kwa kuwa ina sauti inayobadilika kidogo kidogo kutoka freti hadi freti.

Katika sauti safi, yaani pale amplifaya inapokuza mawimbi bila kuyabadilisha umbo, sifa hizi husikika waziwazi. Wapigaji wa jazi waliziona mapema. Charlie Christian, aliyejiunga na kundi la Benny Goodman mwaka 1939, alipigia Gibson ES-150, gitaa lililotoka mwaka 1936 likiwa na pikapu moja tu iliyowekwa upande wa shingo, na baada yake Wes Montgomery, aliyekwanyua kwa kidole gumba badala ya kile kipande kidogo cha kukwanyulia, aliifanya sauti hiyo ya mviringo kuwa kipimo cha jazi ya gitaa. Akodi yenye noti nne au tano husikika ikiwa imeungana bila kuchoma sikio, ingawa katika nyuzi nene, hasa amplifaya ikiwa na besi nyingi, noti huweza kuanza kuzama moja ndani ya nyingine.

Mkwaruzo hubadilisha mambo. Amplifaya inapolazimishwa kupita uwezo wake, au pedali inapofanya hivyo kwa niaba yake, vilele vya wimbi hukatwa, na wimbi lililokatwa huzaa haramoniki mpya ambazo hazikuwapo. Kwa noti moja moja hii ni neema kwa pikapu ya shingoni: ukali uliokosekana huongezwa na mashine, toni ya msingi hubaki na uzito wake, na noti hudumu kwa muda mrefu kwa kuwa mtetemo unaofifia bado hukuzwa hadi kwenye kikomo kilekile. Eric Clapton alipokuwa na kundi la Cream, kati ya mwaka 1966 na 1968, alizidi kuifinyanga sauti hii kwa kukizima kabisa kitufe cha toni, akapata mlio wa kuimba ambao wapiga gitaa bado wanaufukuzia. Katika noti za freti ya kumi na mbili kuna la ziada: mkato unaofanana juu na chini ya wimbi huzaa haramoniki za witiri tu, hivyo ule uwazi wa klarineti huvuka salama ndani ya mkwaruzo, na ni pale tu amplifaya inapokata upande mmoja zaidi ya mwingine ndipo za shufwa zinaporudi.

Akodi ni habari nyingine. Noti mbili zinapopita pamoja kwenye mkwaruzo, hutokea pia sauti zenye masafa ya jumla na ya tofauti yao. A ya hezi 110 pamoja na E ya hezi 165 huzaa tofauti ya hezi 55, ambayo kwa bahati njema ni A nyingine ya chini zaidi, na ndiyo siri ya ile akodi ya noti mbili inayopendwa katika muziki wa roki. Ikiongezwa C-kali ya hezi 139 katikati, tofauti mpya huangukia kwenye hezi 29 na 26 hivi, sauti zisizo na mahali katika akodi hiyo, na matokeo yake ni tope. Kwa kuwa pikapu ya shingoni hupeleka toni za msingi zenye nguvu zaidi, tope lake huwa zito zaidi. Si ajabu basi kwamba rumba ya Kongo na muziki wa dansi wa Tanzania, ambamo magitaa ya solo na ya ridhimu hupishana wakati wote, vimeshikilia sauti safi kwa sehemu kubwa.

Tiba ya kawaida ni kupunguza besi kabla ya mkato, si baada yake. Pedali ya Tube Screamer ya Ibanez, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970, huanza kupunguza mkwaruzo wa masafa yaliyo chini ya hezi 720 hivi, na kwa pikapu ya shingoni punguzo hilo hurudisha mipaka ya kila noti. Njia nyingine ni kuishusha pikapu kwa skrubu zake, kwa sababu uzi huyumba kwa upana mkubwa zaidi upande huo na sumaku iliyo karibu mno huuvuta hadi noti zikapotoka.

Magitaa yenye freti 24 yameleta utata wake, kwa kuwa freti ya mwisho hukalia ile robo ya uzi na pikapu hulazimika kusogezwa kuelekea darajani. Mlio wake huwa mwembamba kidogo katika sauti safi, na katika mkwaruzo husomeka vizuri zaidi.