Gari linaposhtuka likikaribia kusimama: Tafuta chanzo kabla ya kununua spea

MADEREVA wengi wanaijua hali hii. Umeondoa mguu kwenye mafuta, umekanyaga breki taratibu, na zimebaki hatua chache tu gari lisimame. Ghafla linashtuka na kusukuma mbele, kana kwamba limepigwa teke kutoka nyuma.

Katika msongamano wa Barabara ya Mombasa au ya Jogoo jijini Nairobi, msukumo huo mdogo unatosha kukufikisha kwenye bampa ya gari lililo mbele yako. Penye kivuko cha watembeao kwa miguu, madhara yanaweza kuwa makubwa zaidi.

Hata hivyo, wengi hukimbilia duka la spea kabla ya kujua wanachotafuta. Katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo baadhi ya watu wangali wanaiita Grogan, pedi za breki hazikosekani, wala gia nzima iliyotolewa kwenye gari kuukuu. Kisichouzwa huko ni jibu la swali la msingi: ni kifaa gani hasa kilichoharibika?

Jibu hilo huanza kupatikana ukichunguza ni lini mshtuko hutokea: gari likiwa bado linapunguza mwendo, linapokaribia kabisa kusimama, au baada ya kusimama.

Jaribio la kwanza halikugharimu chochote. Tafuta mahali tambarare pasipo na magari wala watu. Endesha kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa, kisha ukanyage breki kama kawaida hadi usimame, gia ikiwa kwenye D. Rudia mara tatu au nne. Baadaye fanya vivyo hivyo, lakini peleka gia kwenye N kabla ya kukanyaga breki. Kwa gari lenye gia za mkono, kanyaga klachi hadi mwisho.

Gia ikiwa kwenye N, injini haiyasukumi magurudumu. Kwa hivyo, mshtuko ukitoweka, elekeza macho kwenye injini na gia. Ukibaki vilevile, anza na breki na vifaa vinavyoshikilia magurudumu.

Tuanze na upande wa injini na gia. Katika magari ya gia otomatiki, kazi ya klachi hufanywa na chombo kiitwacho konveta, ambacho hupitisha nguvu za injini kwa kutumia mafuta. Gari likishika kasi, klachi ndogo iliyomo ndani yake hufunga ili injini na gia zizunguke pamoja, na hivyo kupunguza matumizi ya petroli. Mwendo unapopungua, klachi hiyo inapaswa kuachia.

Isipoachia, gari hutikisika na injini hukaribia kuzima, sawa na dereva wa gia za mkono aliyesimama bila kukanyaga klachi. Ukiona mshale wa mizunguko ya injini ukianguka ghafla wakati wa mshtuko, mshuku konveta au solenoidi inayoiamuru, ambayo ni vali ndogo ya umeme iliyomo ndani ya gia.

Chanzo cha pili ni gia yenyewe inaposhuka kutoka ya pili hadi ya kwanza. Mafuta yakiwa machache, yamechoka au si ya aina inayofaa, badiliko hilo ambalo halipaswi kuhisika hugeuka kuwa kishindo.

Hapa ndipo historia ya gari inapokuwa muhimu. Magari mengi ya kibinafsi nchini yaliletwa yakiwa yametumika Japani, na kanuni za Kenya huruhusu yale yasiyozidi umri wa miaka minane. Mnunuzi huenda asijue mafuta ya gia yalibadilishwa lini. Aidha, gia za aina ya CVT, ambazo hutumia mkanda badala ya meno, zina mafuta yake maalumu. Kuzitilia mafuta ya gia za kawaida za otomatiki ni kuziharibu. Kijitabu cha gari kiwe ndicho mwamuzi.

Kama gari lina kijiti cha kupimia, yapime mafuta hayo mahali tambarare, injini ikiwa imepata moto. Magari mengi hupimwa injini ikinguruma, gia ikiwa kwenye P, ilhali Honda nyingi hupimwa mara tu injini inapozimwa. Mafuta mengi ya aina hii huwa mekundu yakiwa mapya; yakiwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua, tayari umepata dalili.

Chanzo cha tatu ni injini inayonguruma kupita kiasi gari likiwa limesimama. Kwa kawaida, injini ya petroli iliyopata moto huzunguka kati ya mara 600 na 900 kwa dakika. Kilango cha hewa kikishika uchafu, au mpira wa hewa ukipasuka, mizunguko hupanda na kushuka ovyo. Matokeo yake ni kwamba mguu wako unazuia gari huku injini ikilisukuma. Washa na kuzima kipoza hewa. Mshtuko ukibadilika, fundi aanze na kilango hicho, kwani kukisafisha ni kazi nyepesi kuliko kufungua gia.

Usisahau mipira inayoshikilia injini. Ikichakaa, injini huyumba mbele na nyuma, na hata badiliko dogo la gia husikika kama pigo.

Upande wa breki nao una dalili zake. Ikiwa kanyagio linatetemeka chini ya mguu wako muda mfupi tu kabla ya kusimama, barabara ikiwa kavu, huenda mfumo wa ABS unajiwasha bila sababu. Kihisio cha gurudumu kilichoshika kutu au uchafu huiambia kompyuta kwamba gurudumu limekwama, nayo huilegeza breki kwa muda mfupi. Dereva huhisi kana kwamba gari limemponyoka.

Breki ikikamata kwa nguvu isiyolingana na mguu wako, chunguza kama pedi zimechakaa au zimeingiwa na mafuta yanayovuja. Ukisikia mlio mmoja mzito kutoka chini gari linapoinamia mbele, kagua bushi za mikono inayoshikilia magurudumu ya mbele.

Ipo pia hali ambapo gari husimama kabisa, kisha pigo likafuata kama sekunde moja baadaye. Kwenye pikapu na magari mengine yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mara nyingi chanzo huwa shafti ya propela. Sehemu yake inayoteleza ikikauka, hukwama na kuachia kwa kishindo. Grisi huenda ikatosha, na mwenye gari asiyejua hilo anaweza kuuziwa gia nzima.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ni msaada mkubwa, lakini si hakimu. Huonyesha ni mfumo upi uliolalamika. Haioni bushi iliyokatika wala propela iliyokauka. Fundi anayeshauri gia ing'olewe kabla ya kuliendesha gari lako barabarani bado hajalichunguza.

Unapofika gereji, mweleze mambo manne: mshtuko hutokea lini, kama hutoweka gia ikiwa kwenye N, kama huzidi injini ikiwa baridi au moto, na ni matengenezo gani yaliyofanywa kabla haujaanza. Mwombe mwende pamoja barabarani, umwonyeshe. Baada ya ukarabati, rudia jaribio lilelile mahali palepale kabla ya kulipa.

Wakati huo wote, acha nafasi kubwa zaidi kati yako na gari la mbele. Na iwapo breki yenyewe inalegea, kanyagio linazama au taa yake nyekundu imewaka, usisubiri siku ya gereji: egesha gari na fundi alifuate hapo lilipo.