Jivu la Mafiga na Tindikali ya Udongo wa Karagwe

Mkulima wa Kanoni, wilayani Karagwe, Tanzania, hulima udongo wa aina mbili chini ya mvua moja. Kibanja kinachozunguka nyumba, chenye migomba, kahawa na maharagwe, kina udongo mweusi unaomeguka vizuri mkononi. Ukivuka mpaka wake ukaingia rweya, ile nyika ya kulishia ng'ombe na kukatia matandazo, maharagwe ukiyapanda hudumaa na majani yakawa ya njano. Watu husema rweya imechoka. Sababu moja kubwa ya uchovu huo ni tindikali.

Tuanzie kwenye maji. Hata yakiwa safi kabisa, molekuli zake chache hujigawa zikatoa ioni za haidrojeni na ioni za haidroksidi, kwa idadi sawa. Asidi, yaani tindikali, ikiingia majini huongeza ioni za haidrojeni, besi huzipunguza. Mwaka 1909 mkemia Søren Sørensen, akiwa maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen, alibuni kipimo cha pH. Saba ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni besi. Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi: udongo wenye pH 5 una ioni za haidrojeni mara mia ya ule wenye pH 7.

Mvua yenyewe ni tindikali hafifu, kwa kuwa huyeyusha kabonidayoksaidi ya hewani hadi pH ikakaribia 5.6. Imenyesha juu ya vilima hivi karne kwa karne, ikisomba kalsiamu, magnesiamu na potasiamu kwenda chini, na haidrojeni ikashika nafasi zao. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini iliyokuwa imejifunga kwenye udongo huanza kuyeyuka na kuziunguza ncha za mizizi. Fosforasi nayo hunaswa na alumini na chuma, na bakteria wanaolisha maharagwe naitrojeni kwenye vifundo vya mizizi hudhoofika. Hapo mkulima anaweza kununua mbolea na mmea usiione.

Kibanja kilinusurika kwa sababu vizazi vimekirudishia samadi, majani, maganda ya ndizi na jivu la mafiga. Jivu lina kabonati za kalsiamu na potasiamu. Kabonati ikikutana na ioni za haidrojeni, huzaliwa maji na kabonidayoksaidi inayopaa, huku kalsiamu ikibaki shambani.

Mwaka 2016 mtafiti Ariane Krause na wenzake walichapisha katika jarida la SOIL matokeo ya majaribio yao ya Karagwe. Mboji iliyochanganya jivu, makaa, taka za jikoni na kinyesi cha binadamu kilichopashwa moto ilipandisha pH kutoka 5.3 hadi 5.9, na mahindi yakazaa takriban mara nne ya yale yasiyowekewa kitu. Hatua hiyo ya 0.6 inaonekana ndogo, kumbe ioni za haidrojeni zilibaki robo tu. Kupasha moto kinyesi ni sharti: kibichi hubeba mayai ya minyoo na vimelea vya kuhara hadi kwenye mboga.

Jivu nalo lina masharti. Usilichanganye na yurea wala samadi mbichi, maana besi hugeuza amonia iliyotulia kwenye mbolea kuwa gesi. Ile harufu kali inayopanda puani ni naitrojeni yako inaondoka. Usilimwage kwenye viazi mviringo, kwani huviongezea ukurutu. Majivu ya plastiki na mbao zilizopakwa rangi yasifike shambani kabisa. Maji ya jivu yanaweza kupita pH 10 na kuumiza macho, hivyo ndoo ikae mbali na watoto. Yakimrukia mtu, aoshe jicho kwa maji mengi safi bila kukoma, kisha awahi zahanati. Kuyanywa kutibu kiungulia ni hatari, yanaunguza koo.

Kabla ya msimu, chukua udongo sehemu kadhaa za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye na umuulize afisa ugani wa kata namna ya kuupima. Sehemu iliyo nyuma ya jiko, iliyomwagiwa jivu miaka mingi, huenda imeshavuka 7, na huko chuma na zinki hukwama mmea usivipate. Jivu la mwaka huu libebwe hadi pembezoni, kule maharagwe yanakodumaa.