Mawindo Yasiyomwaga Damu: Siku Tatu Katika Kinamasi cha Nyaramba

Na Mwandishi Wetu

WATU wa pwani tukisikia kwamba fulani amekwenda bara kupiga picha za wanyama, fikira zetu hukimbilia Maasai Mara au Tsavo: simba, ndovu na magari yaliyofunuliwa paa. Hakuna anayeitaja Nyaramba. Wala si ajabu, kwani huko katika kaunti ya Nyamira, kwa Abagirango, hakuna mbuga wala lango la kukatia tikiti. Kuna majani chai, migomba, mahindi, nyumba zilizosongamana kila kilima, na baridi ambayo mtu wa Mombasa haisahau upesi. Lakini huko ndiko nilikofunzwa kungoja.

Tulikuwa wanne, na kiongozi wetu wa tano. Yeye ni mwalimu wa shule, na wakati wa likizo huwachukua wageni wachache kwenda kupiga picha za ndege wa vinamasi. Hawazidi wanne. Nilipomwuliza mbona asichukue kumi apate faida zaidi, alicheka.

"Watu kumi ni harusi, bwana," akasema. "Na ndege haji harusini."

Tulisali alfajiri kwenye baraza ya mwenyeji wetu, tukateremka bondeni gizani, umande ukitulowesha hadi magotini. Mwalimu alikuwa amejenga kibanda cha matete majuma mawili kabla, ili ndege wakizoee wakione kuwa ni sehemu ya kinamasi. Tukajipenyeza humo, kila mtu na kamera yake, tukaambiwa tusiseme. Ukungu ulipoinuka tuliwaona: korongo wawili wenye taji la dhahabu, mmoja akilalia mayai, mwingine akichakura matopeni. Ni ndege yule yule aliye katika bendera ya Uganda. Hutaga mayai mawili hadi manne, na dume na jike hupokezana kuyalalia kwa muda wa mwezi hivi. Tofauti na korongo wa nchi nyingine, huyu ana kidole kirefu cha nyuma kinachomwezesha kushika tawi, kwa hiyo usiku hulala mtini.

(Lugha yetu nayo ina vituko. Korongo ni ndege, na korongo pia ni mnyama mkubwa wa jamii ya paa, ambaye katika Kenya nzima amebaki katika bonde la Lambwe tu, huko Homa Bay, ndani ya mbuga ya Ruma iliyotangazwa mwaka 1983. Mtu akikuambia amepiga picha ya korongo, mwulize ana miguu mingapi.)

Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Mguu wangu ukafa ganzi. Naungama kuwa ni mimi niliyeharibu: nilisimama kujinyosha. Korongo aliyelala aliinuka, akapiga mayowe, akaruka, na mayai yakabaki wazi huku kunguru wakizunguka juu. Mwalimu hakunikaripia. Alitupungia mkono tu, tukatoka kwa kutambaa, tukapanda kilimani. Kutoka huko alitazama kwa darubini hadi ndege aliporudi kiotani. Kisha akasema siku ile imekwisha. Watu wanne waliotoka mbali wakarudi mikono mitupu kwa sababu ya mguu wangu, na hakuna aliyenisemesha hadi adhuhuri.

SI MCHEZO MPYA

Kujificha namna hii ni ufundi wa zamani. Ndugu wawili wa Kiingereza, Richard na Cherry Kearton, walitengeneza ng'ombe wa bandia aliye wazi ndani, mpiga picha akajificha tumboni mwake ili awakaribie ndege. Cherry alifika Afrika Mashariki mwaka 1909 na kamera yake. Kabla yake Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa amewapiga wanyama picha za usiku kwa mwanga wa baruti pande za Kilimanjaro, akatoa kitabu mwaka 1905. Tena yeye alibeba kamera mkono huu na bunduki mkono huu, na waliokufa kwa risasi zake hawakuwa wachache.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata Joan na Alan Root walitoa filamu yao mashuhuri juu ya mchwa, iliyotokana na kukaa na kichuguu kwa subira ambayo wengi wetu hatuna hata kwa foleni ya mkate.

Najua wamo wasomaji wenye shaka na picha za viumbe wenye roho. Masheikh wamehitilafiana, nami si mtu wa kutoa fatwa. Lakini Mtume (S.A.W.) alikataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kupigwa, na kati ya mwenye kuua kwa kujifurahisha na mwenye kukaa matopeni asubuhi nzima bila kumgusa ndege, mimi namjua wa kukaa naye.

Si kwamba kila mwenye kamera ni mpole. Nimeona kwenye vivuko vya mto Mara magari yamejipanga ukingoni kama matatu stendi, nyumbu wakifika majini wanakosa njia, wanageuka nyuma. Mwalimu alikuwako pia siku moja. Anasema hapo ndipo alipoamua kundi lake lisizidi wanne.

Siku ya tatu nilipata picha yangu. Jua lilipita katika lile taji kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili tatu, nami sikutikisika.

Tukitoka tulimkuta mwenye shamba, mzee wa makamo, ameegemea jembe. Kando yake palikuwa na miche ya mikaratusi kwenye mifuko. Serikali imeshapiga kelele juu ya mti huu. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati ule, marehemu John Michuki, aliamuru ung'olewe kandokando ya mito na chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mno. Mzee anayajua hayo.

"Mkaratusi nauza nguzo na kuni, nalipa karo," aliniambia. "Huyu ndege wako wa Mombasa anauzwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Korongo huyu ametiwa katika orodha ya dunia ya walio hatarini tangu 2012, lakini orodha hailipi karo. Mwalimu humpa mzee sehemu ya ada ya kila mgeni, na kwa msimu huu wamekubaliana: miche ingoje hadi makinda yaruke, yaani miezi miwili mitatu baada ya kuanguliwa. Baada ya hapo watakaa tena wazungumze.

Tulipoondoka mayai yalikuwa bado hayajaanguliwa. Miche ilikuwa imefika magotini.