Usiguse skrubu ya wati

"Redio yangu inapokea vizuri, ila nikiongea hawanisikii. Fundi, niongezee wati." Madereva wa halmashauri, wa magari ya wagonjwa, wa malori yanayokwenda Manyoni na Singida, wote wanakuja na ombi hilo hilo, na karibu kila mji una fundi wa kulitimiza. Anafungua redio, anatafuta kwenye bodi ile skrubu ndogo ya kurekebisha nguvu, anaizungusha hadi mwisho, anachukua pesa yake. Nimechoka kuletewa redio zilizoungua kwa tiba hii.

Kwanza, redio kupokea vizuri si ushahidi kwamba nyaya zake ni nzima. Ikisikiliza tu, redio ya gari haifikishi kwa kawaida hata ampia moja. Ukibonyeza maiki, redio ya wati 50 inadai ampia 10 hadi 12 papo hapo. Sasa chukua waya wa milimita moja ya mraba, ule wa taa, uliovutwa kutoka betri hadi dashibodi na kurudi, jumla mita 8. Ukinzani wake ni kama omu 0.14. Kwa ampia 12, volti 1.6 na ushee zimepotea njiani, na hapo hatujahesabu kishikio cha fyuzi chenye kutu, maungio yaliyosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, wala waya hasi uliokazwa juu ya rangi chini ya dashibodi. Weka multimita kwenye plagi ya redio yenyewe, siyo kwenye betri, gari likiwa linaunguruma, kisha bonyeza maiki. Volti zikianguka kutoka 13.6 hadi 10.9, ugonjwa umeshauona.

Skrubu inasaidia nini hapo? Inaiamuru redio ivute ampia zaidi kupitia waya ule ule mbovu. Volti zinazidi kuanguka, transista ya mwisho inazidi kuchemka, na antena haipati cha maana.

Tuseme basi nyaya ni nzima na wati 25 zimekuwa 50 kweli. Umeongeza desibeli 3. Kwa kipimo cha kawaida cha nguvu ya mawimbi, alama moja ni desibeli 6, kwa hiyo umempa anayekusikiliza nusu alama. Kumpa alama nzima kunataka wati 100, ambazo redio hiyo haikuundiwa. Na kabla hujazitafuta, soma leseni yako ya TCRA: nguvu unayoruhusiwa kurusha imewekewa kikomo kama masafa yenyewe.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Redio nyingi zina ulinzi: wati zikirudishwa na antena mbovu, redio inajipunguzia nguvu. Mwenye gari anaona mita inasoma wati 10 badala ya 45, anaambiwa redio imechoka. Haijachoka, inajiokoa! Fundi anayeukata ulinzi huo anaiua kwa mkono wake. Na antena zetu zina kila sababu ya kuharibika. Kiangazi kizima vumbi linaingia kwenye kitako, mtikisiko wa barabara unalegeza nati, kisha mvua za Desemba zinakuta mwanya na maji yanashuka ndani ya kebo. Chuna ganda la nje karibu na kitako: wavu wa shaba unaotakiwa kung'aa utaukuta mweusi, una unga wa kijani.

Fanya hivi. Vuta waya wa milimita 6 za mraba moja kwa moja kutoka betri, chanya na hasi, na fyuzi iwe karibu na betri. Lori la volti 24 liwekewe kifaa cha kushusha hadi 12. Kudokoa betri moja kati ya mbili ni kuziharibu zote. Antena ikae katikati ya paa la bati, si kwenye ngao, na kitako kiguse chuma kitupu. Kwa megahezi 150, fimbo ya robo wimbi ni kama sentimita 49. Kebo iliyoingia maji haikaushwi, inatupwa. Kisha pima wati kwenye mzigo bandia wa omu 50: zikitoka kamili, tafuta kosa kwenye antena na kebo, zisipotoka huku volti ziko sawa, hapo ndipo redio ifunguliwe.

Na kama vyote ni vizima lakini ukiteremka kuelekea Mtera bado unapotea, wati hazihusiki. Mawimbi ya VHF yanakwenda karibu mstari ulionyooka. Antena ya gari iliyo mita 2 kutoka ardhini na mlingoti wa ofisi wa mita 20 zinaonana kwenye tambarare kwa kilomita kama 24, na kilima kikikaa katikati ni pungufu ya hapo. Unachohitaji ni ripita juu ya kilima, na ombi hilo mpelekee meneja wako, alipeleke TCRA.